Jiko Niliyojenga Ili Usiende

Janine wangu,

Weye uko kwa shangazi yako unasukwa nywele, na miye namujua shangazi yako: hatakuachilia upesi, sababu mikono yake inaenda polepole na mudomo yake inakimbia. Basi nimepata nafasi. Nimekaa mu jiko, ku ile meza ya sima, simenti na muchanga, yenye ulipima weye mwenyewe, kalamu ni ya mudogo wako, na baba yako nimemufukuza aende kuongea na wanaume wenzake ku barabara. Nikisema haya maneno na mudomo nitaanza kulia ao nitaanza kujisifu, na yote mawili unayajua. Ku karatasi labda nitajizuia. Kulia, nataka kusema. Kujisifu siwezi kukuahidi.

Sitakuandikia mambo ya kufua nguo, ya kuficha simu ndani ya gari, ya kutonunua nyama ya barabarani kule Mambasa. Shangazi yako anakuambia hayo yote saa hii huku anakuvuta nywele, na kesho asubuhi nitakuambia tena mupaka dereva atakasirika. Miye nataka kukuandikia juu ya jiko. Usicheke. Mutoto anaenda Kisangani kusomea kujenga, mama yake anamuandikia juu ya jiko. Lakini weye na miye tunajua kama ni hii jiko ilituletea yote.

Kwanza acha niseme ukweli wenyewe: hakuna jiko kama yangu kutoka hapa mupaka ku barabara kubwa. Sisemi miye, wanasema wale wanawake wenye wanasimamaka ku mulango ya parseli, ya kiwanja yetu, na kujifanya wanauliza chumvi. Mama Riziki, jirani yetu mwenye roho yake inaumaka akiona mutu amenunua hata kijiko, yeye mwenyewe alisema mu jiko yangu mutu anaweza kupika na nguo nyeupe. Na miye kifaransa yangu ilibakia ku darasa ya sita. Sikupima na mita, sikuchora ku karatasi. Nilichukua kijiti nikachora mu udongo ya lupango, uwanja yetu, hapa moto, hapa maji, hapa mahali ya kutwangia majani ya sombe, na fundi masoni akafuata ile alama. Ukikuta huko Kisangani mwalimu anajua kuchora, umuambie mama yako pia alichora.

Sasa nikisha kujisifu kidogo, nikuambie namna ilikuwa, sababu weye ulikuwa mutoto na kuna vitu mutoto anaona lakini hajui uzito yake.

Siku vita ilitutoa Djugu ulikuwa na ukubwa wa kubeba sufuria ku kichwa, na uliibeba bila kulalamika. Tulipofika Bunia tukapewa kipande ya parseli nyuma ya nyumba ya watu, baadaye baba yako akafanya kazi mupaka tukakuwa na yetu. Nyumba akaijenga, ndogo lakini nyumba. Jiko akakataa. Jiko ilikuwa bashi moja, turubai ya plastiki, ku miti ine, bashi ya bleu yenye ilianza kuchanika mwaka wa kwanza. Kila nikimuambia, anajibu maneno yale yale: kiangazi hii tunarudi Djugu. Kiangazi ikipita anasema ile ingine. Hakupanda hata mugomba moja mu lupango, sababu mugomba inaomba mutu aingojee. Siku moja nikamusumbua sana, akaniuliza, "Ukijenga jiko ya matofali hapa, siku ya kurudi utafanya nini? Utaibeba ku kichwa?"

Nilirudi chini ya bashi nikainama, sababu chini ya ile bashi ilikuwa lazima mutu ainame. Janine, miaka yote ile nilipika nikiwa nimeinama. Mvua ikinyesha, nainama na kushika bashi na mukono moja. Watu wa soko walikuwa wananiona natembea hivi wanafikiri ni mugongo, lakini haikuwa mugongo, ilikuwa mazoea. Unajua vile wanafunikaka kuku na kitunga mbele ya kwenda kumuuza? Anaona inje kwa matundu, anaona nafaka, anaona kuku wenzake wanatembea. Hakuna mutu anamupiga. Anakaa tu. Upande ya Djugu barabara ilikuwa imefungwa na vita, upande ya Komanda, njia ya kwenda Kisangani, kila gari ilikuwa inapita na maombi, baba yako anangojea kiangazi, na miye niko chini ya kitunga ya bleu.

Kwa ile kitunga nilikuwa na mutu moja tu wa kuongea naye, na alikuwa weye.

Ndiyo maana siku ulipopata diplome, watu wakakumwangia poda ku kichwa, miye nikacheza mupaka kiatu ikatoka, nikazunguka kartie yote nikiwaambia hata wenye hawakuniuliza. Halafu jioni ukaniambia ungetaka kwenda kusoma mbele, inje ya Bunia, haujui bado nini. Nilicheka nikasema muzuri sana. Lakini papo hapo nikaanza kufikiri nitakupa nini yenye itakuzuia. Nguo, hapana, haupendi nguo. Bwana, hapana, ulishawafukuza wawili. Nikafikiri: jiko. Jiko kubwa, ya sima, na moto mbili, mahali mbili ya kuwashia, moja ya chini kwa miye na moja ya juu kwa weye, sababu weye ni murefu. Tutapika tuuze, wafanyakazi wa ofisi watakuja kula saa sita, jina itakuwa kwa Mama Janine. Mutu mwenye kuwa na mahali yake ya kusimama hatakimbia. Ndivyo nilifikiri.

Watu wote niliwaambia ni sababu ya mvua.

Baba yako ungemuona. Siku mingi alikuwa anazunguka mbali ya ile bashi. Mwenye alimuvunja si miye, ni tate yako, mama yake mwenyewe. Alimuita chini ya bashi, maji inamumwangikia ku shingo, akamuambia yeye amekwisha kuzeeka na atakufa mahali yuko, ikiwa ni Djugu ikiwa ni hapa, lakini anataka kufa akiwa amekula maharagi haina matone ya mvua ndani. Kesho yake baba yako akaenda kutafuta matofali. Aliyapanga mu lupango vile mutu anapangaka vitu ya matanga.

Masoni tulimupata Deo, unamukumbuka, anaongea kuliko anapanga. Miye nilisimama juu yake kama komanda wa jeshi. Nikamuambia kuta ipande mupaka iguse manjanja, mabati ya paa, nisione hata tundu ya panya. Juu ya mwizi. Mama Riziki walikuwa wamemuibia sufuria zake zote kwa kupitisha mukono juu ya ukuta, na alilia kama amefiwa. Miye nikaapa kwangu hapana. Mulango ya chuma, dirisha moja ndogo na vyuma yake, na dari ya mbao nzuri kama ya nyumba ya wakubwa.

Na weye ukaja na sahani ya Deo mu mukono, ukaangalia juu, ukaniuliza, "Mama, na moshi?"

Nilikujibu haraka sana. Nilisema tangu nimezaliwa moshi haijaniomba njia. Deo akacheka, nikacheka, na weye ukaenda kuosha sahani. Sasa nikuambie kwa nini nilijibu haraka: sababu sikujua. Nikikosa kujua kitu mudomo yangu inakimbia mbele, inafunga mulango, swali inabaki inje. Nimefanya hivyo mara mingi mu maisha na karibu kila mara nimelipa. Mudomo hii weye pia unayo kidogo, nimeiona. Huko kwenye unaenda watakuuliza vitu mbele ya watu. Ukikosa kujua, kohoa kwanza.

Kule kwetu Djugu, kweli, nani aliwahi kuwazia moshi? Jiko ya mama yangu haikuwa na dirisha hata moja. Lakini ilikuwa na nyasi juu. Moshi inapanda, inaingia mu nyasi, inatoka polepole, ukiwa mbali unaona paa yote inatoa moshi kama ugali ya moto, unajua watu wamepika. Nyasi ndiyo ilikuwa inafanya kazi, na siye tulifikiri moshi inajitokea yenyewe. Watu wa Djugu wangapi wamejenga Bunia jiko ya manjanja na kuta ya kufunga, wanalia macho kila siku, wanasema ni kuni mbaya? Nilikuwa moja wao, lakini ya kwangu ilizidi, ilikuwa na dari ya kuifunga juu.

Halafu tukafika ku siku ya kuingia.

Tate alisema jiko mupya haiwashwe na kibiriti. Moto inatoka ku jiko ya zamani, mukubwa wa parseli anaibeba mu kigae, watu wanaingia nyuma yake, mulango inafungwa. Haifunguliwe mupaka bugali ya kwanza iive na kila mutu akate tonge. Na mwenye atatoka mbele ya kula tonge, hatadumu mu ile lupango. Hiyo ilikuwa desturi yao, na miye niliipokea na mikono mbili, sababu nilifikiri: Janine ataingia, atakula, atadumu. Nilikuweka pembeni ya moto yako ya juu. Nilialika Mama Riziki ili aone. Nilialika muke wa pasta ili abariki. Nilivaa kitenge ile ya maua, ukanisaidia kufunga kitambaa.

Tate akaweka makaa, akaweka kuni, ikawaka vizuri sana. Watu wakapiga makofi. Na mbele ya maji kutokota, moshi ilikuwa imeshuka mupaka ku macho.

Sitasahau vile kila mutu alijifanya. Muke wa pasta akaanza wimbo, akafika ku mustari wa pili sauti ikakufa. Mama Riziki alikuwa anapanguza macho na kusema ni furaha, ni furaha tu. Baba yako aliinama chini kama chini kuna kitu amepoteza. Hakuna mwenye alitaka kuwa wa kwanza. Na miye niko pale nakoroga bugali, machozi inashuka, nasema jiko imejaa baraka. Nilisema hivyo, Janine. Mu moshi yote ile, nilisema baraka.

Kisha tate akaanza kukohoa ile kikohozi ya ndani, akakaa chini ku sima. Nikakuona unakuja ku mulango. Na miye nikaacha mwiko ndani ya bugali, nikakuwa ku mulango mbele yako.

Wenye walikuwa pale wanafikiri nilienda kufungua. Hapana. Weye unajua. Nilisimama na mugongo yangu ku ile chuma, na mikono nyuma nimeshika kifungio. Nilikuwa naona mutu moja tu mu ile nyumba, na alikuwa anataka kutoka wa kwanza.

Ukaniambia, bila kelele, "Mama, toka ku mulango. Tate atakufa."

Sijui nilikaa pale muda gani. Ilikuwa kidogo, lakini si kidogo vile ilipaswa. Nilikuangalia, ulikuwa na macho mekundu na haukulia. Halafu nikasogea. Ulifungua, ukatoka, na siye tukakufuata kama mbuzi, muke wa pasta bila kiatu moja. Tulipokuwa tunakohoa mu lupango nikasikia ngo, ngo, ngo. Ulikuwa umepanda ku ngazi ya Deo, na nyundo yake, unavunja ukuta yangu mupya kidogo chini ya dari, mbele ya Mama Riziki. Tofali ya kwanza ilianguka ndani. Ya pili. Moshi ikatoka kwa ile tundu kama watu wanatoka kanisa.

Nilikutukana. Nilisema weye unajuaka kuvunja tu. Ulibaki juu ya ngazi, ukapanguza pua na mukono, ukauliza kama bugali imeungua.

Iliungua. Tulikula vile vile.

Pasta alifanya mahubiri juu ya ile moshi, hata jumapili mbili, na kila mutu kanisani akaniangalia, basi miye sitaifanyia mahubiri ingine hapa. Nitakuambia tu kitu yenye haujui. Ile jioni nilienda kwa tate, nikamuuliza na woga, kama mutu ametoka mbele ya tonge, kuna namna gani ya kurudisha. Nilikuwa tayari kutoa mbuzi. Tate akaniangalia sana. Akasema, "Mwanangu, hiyo maneno tulikuwa tunaiambia watoto wasifungue mulango, kuku wasiingie." Akalala. Sikumuamini. Mupaka leo sijui kama alisema ukweli ao alinihurumia.

Yenye ilifuata unaijua, lakini acha niiseme, sababu hapa ndipo ninapendaka kujisifu. Kesho yake ulitoa dari yangu yote ya mbao. Ulienda kuangalia madirisha ya shule yenu, ulirudi unaongea maneno ya klostra, yale matofali ya matundu matundu, ukamufanya Deo ayamimine mu kibao. Ulimuambia apandishe manjanja upande moja ili hewa ipite kati, mwizi asipite. Deo alikataa, akasema hajawahi kupangiwa kazi na mutoto muanamuke mwenye alikuwa analetea yeye chai. Ukamujibu basi chai pia inakwisha. Akafanya. Na tulipowasha tena, moshi ikapanda moja kwa moja kama inajua kwenye inaenda. Nilisimama wima. Nilipika nikiwa wima, Janine, mugongo ikaniuma sababu ilikuwa imesahau.

Wakaanza kuja. Mama Riziki wa kwanza, na aibu kidogo, halafu wale wa chini ya shapeli, kanisa ile ndogo, halafu yule bibi wa Marabo mwenye anauza unga. Wanataka Janine aje aangalie moshi yao. Ulikuwa unaenda na kamba yako ya kupimia, unarudi na vumbi ku nyusi. Siku moja ukasema mbele ya bugali kama Kisangani kuna shule wanafundishaka kujenga, na sasa unajua ni nini unataka.

Jiko niliyoijenga ikufunge ndiyo ilikuonyesha njia.

Basi nikaanza ujanja ingine. Nilisema jiko haijakwisha. Kweli, ilikuwa haina rangi. Ikapata rangi, nikasema rangi haikushika, ipakwe tena. Nikataka etajere ya kupangia sahani. Nikataka sima ya chini ivunjwe, ati inateleza. Nikamuambia Deo moto ya juu imepinda, Deo akaweka maji ndani ya sahani kuonyesha haikupinda, nikasema sahani yake ndiyo imepinda. Kila kazi nilikuambia Deo hawezi kuifanya bila jicho yako. Ulibaki. Mwaka wa masomo ukaanza kule Kisangani bila weye. Wenzako wakaenda, ukawasindikiza ku gari, ukarudi ukachanganya sima. Nilikuwa naona unachanganya sima, na nilikuwa na furaha, na nilikuwa na haya ya ile furaha, nikazidi kuimba ili nisisikie.

Hiyo mwaka sitaweza kukurudishia. Nimeizunguka kwa mawazo yangu pande zote, haina mulango.

Siku ulipochoka ilikuwa nimeomba ukuta wa nyuma usogezwe. Ulitua kamba. Ukasema, "Mama, hii jiko haitakwisha, sababu weye hautaki ikwishe." Na miye nikafanya nini? Nikajisifu. Nikasema mama gani mu Bunia amejengea mutoto yake moto ya sima, nikasema nilikubeba, nikasema Djugu, nikasema bashi, nikaweka mateso yangu yote ku mizani. Ulinyamaza. Ile kunyamaza yako niliijua. Ni yangu. Ni vile miye nilikuwa nanyamaza chini ya bashi baba yako akisema kiangazi. Nilikuwa nimechukua kitunga ku kichwa yangu nikaiweka juu yako.

Na mwenye alisema neno ni baba yako, mwenye hasemaka. Alikuwa amekaa ku mulango ya jiko, hapa penye napaona sasa, anatengeneza jembe yenye hana shamba yake. Akasema bila kuinua kichwa, "Janine aende. Siye wawili tunatosha kungojea."

Nilimuangalia yule muzee. Nilikuwa nafikiri yeye ndiye alinifunga miaka yote, na kumbe alikuwa anajua jina ya kitu yenye inatufunga siye wote wawili, anaisema tu kwa namna yake. Hatutarudi kiangazi hii. Labda hata ile ingine. Hawezi kusema hivyo, itamuua. Lakini anaweza kusema mutoto aende. Nikaingia, nikamuambia Deo akamate vyombo yake yote, nyundo, ngazi, kibao, na asirudi hata nikimuita. Hasa nikimuita. Deo alishukuru Mungu kwa sauti.

Sasa sikiliza, sababu nasikia watu wanapita na utafika karibu. Miye sijabadilika sana. Usifikiri kesho utaacha mama mwenye amepona. Nikiamuka na nione moto ya juu haina mutu, nitajisikia tena kuku chini ya kitunga. Bunia ni ile ile, barabara ni ile ile, na miye kupita Komanda sijapita tangu siku mingi na sijui kama nitapita. Siku zingine nitakupigia simu na nitasema niko mugonjwa, na haitakuwa kweli, itakuwa tu nimekaa peke yangu mu jiko nzuri. Uniulize naumwa wapi. Nikichelewa kujibu, ujue. Ongea na miye kidogo, unichekeshe, halafu urudi ku masomo. Usipande gari ya kurudi.

Na usirudi kwa kunihurumia. Rudi siku moja na kitu ya kutuonyesha, unisahihishe tena mbele ya Mama Riziki, nitakutukana na nitafurahi. Tena usijifunze kujenga jiko tu. Jiko umekwisha kujua. Jifunze vitu mikubwa, madaraja, sijui, vile watu wanawekaka juu ya maji na inabaki.

Leo mangaribi kuna kitu ilipita na haukuijua. Ulikuwa unaoga nyuma, nilikuwa nasikia maji. Muanamuke moja akapiga hodi, simujui, ni wa ile avenue ya juu, macho mekundu kabisa, mutoto mugongoni anakohoa. Akasema amesikia kuna binti hapa anajua kutoa moshi mu jiko. Akaomba kesho uende kwake, hata saa moja tu. Ulikuwa pale, Janine, nyuma ya ukuta, na miye nilikuwa na maneno yote tayari. Ningekuita. Ungetoka na maji ku mabega, ungemuonea huruma, kesho ungeenda kwake na kamba, na gari ingeondoka bila weye.

Nilikohoa kwanza. Halafu nikamuambia, "Hayuko. Ameondoka, ameenda Kisangani kusomea kujenga."

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu leo. Ni mara ya kwanza nimesema hivyo, nilitaka kusikia inatoka namna gani mu mudomo yangu. Ilitoka. Muanamuke akasikitika, na miye nikamushika mukono, nikamuambia anionyeshe jiko yake iko wapi. Nilienda naye na ile ngazi yetu ya kuchumia ile papai yenye ilijiotea. Ni manjanja na kuta ya kufunga, sawa yangu ya zamani. Nilipanda miye mwenyewe na kitenge yangu, nikavunja tofali mbili chini ya paa, na moshi ikatoka. Ndiyo maana niliporudi, mbele ya weye kwenda kwa shangazi, uliniona na vumbi ku nyusi, ukaniuliza nimetoka wapi, nikasema nilikuwa napepeta unga.

Ni miye, mama yako mwenye kukuzaa na kukuachilia,

Mama Janine